Pacha wake yupo, kwa nini daktari anataka uloto wangu?

SWALI: Mdogo wangu Kulwa, mwenye miaka 26, ana saratani ya damu. Kwenye faili lake wameandika AML. Ametundikiwa dawa za saratani mizunguko miwili na vipimo vya sasa vinaonyesha ugonjwa umetulia, ila tumeambiwa asipopandikizwa uloto unaweza kurudi. Ndugu wote tulipimwa. Doto, pacha wake wa kufanana, amelingana naye kwa kila kitu. Mimi kaka yao nimelingana naye pia. Tulijua atatoa Doto, lakini daktari anaelekea kunichagua mimi. Nyumbani kumezuka maneno. Doto anaona amekataliwa, na mama anaogopa nikitobolewa mgongo nitapooza au nitaishiwa nguvu za kiume. Jirani naye ametuletea unga wa pakiti, ati una seli shina, tuachane na mambo ya kwenda India. Tushike lipi?
Msomaji, Shinyanga

JIBU: Daktari wenu hajakosea. Katika saratani hii kufanana mno kunaweza kuwa kasoro.

Tuanze na uloto wenyewe. Ni ute laini ulio ndani ya mifupa, na ndimo damu inamotengenezwa. Humo mna seli shina, chembe chache zinazoweza kuzaa aina zote za chembe za damu huku zenyewe zikiendelea kujizalisha. James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, Canada, ndio walioanza kuonyesha hivyo kwa majaribio ya panya mwaka 1961. Kwa Kulwa kiwanda hicho kimeharibika: kimekuwa kikitoa chembe changa zisizokomaa, zikajaa na kuzibana zilizo nzima. Ndiyo maana mgonjwa wa AML huishiwa damu, hutokwa damu hovyo na huandamwa na homa.

Zamani madaktari waliwaza kama mnavyowaza ninyi. Waliona kazi ni kuua uloto mbovu kwa dawa na mionzi, kisha kuweka mzima, na kwamba mtu wa kuutoa hawezi kumpita pacha. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alijaribu hivyo. Taarifa yake ya 1959 ilieleza wagonjwa wawili wa lukemia, yaani saratani ya damu, waliopigwa mionzi mikali kisha wakapewa uloto wa pacha wao wa kufanana. Uloto ulishika na damu ikarudi. Haikuchukua muda mrefu saratani nayo ikarudi. Thomas hakukata tamaa, na mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Mwaka huohuo wa 1990 ulichapishwa utafiti uliofuatilia zaidi ya wagonjwa 2,200 wa lukemia waliopandikizwa uloto katika nchi mbalimbali. Katika AML, waliopewa uloto wa pacha wa kufanana walirudiwa na saratani zaidi kuliko waliopewa na kaka au dada wa kawaida aliyelingana nao. Katika aina nyingine ya lukemia, iitwayo CML, waliopewa uloto uliochujwa chembe za kinga ziitwazo T nao walirudiwa zaidi. Maana yake ni kwamba dawa kali pekee haimalizi saratani. Chembe za kinga za mtoaji ndizo zinazowinda masalia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kinga ya Kulwa iliishi na saratani bila kuishtukia, na kinga ya Doto imetoka kwenye yai lilelile, hivyo itaiona saratani hiyo kama jamaa. Yako wewe ni ngeni. Inaweza kuishtukia.

Utauliza, mbona basi wasichukue mtu yeyote wa mtaani? Kwa sababu ugeni una mipaka. Kila seli imebeba alama za utambulisho zinazopimwa kwa kipimo cha HLA, kile mlichofanyiwa. Jean Dausset wa Ufaransa ndiye aliyegundua alama ya kwanza mwaka 1958. Seti moja hutoka kwa baba na nyingine kwa mama, kwa hiyo kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa. Wewe umeipata. Hata hivyo, ukiacha alama hizo kubwa, mna tofauti nyingi ndogondogo, na hizo ndizo zinazotakiwa hapa. Siku hizi hata mzazi au mtoto aliyelingana nusu anaweza kutoa, kwa kutumia dawa maalumu baada ya upandikizaji.

Lakini mgeni huyohuyo anaweza kumgeuka mwenye nyumba. Chembe zako zinaweza kushambulia ngozi, ini na utumbo wa Kulwa. Anaweza kutoka vipele, macho kuwa ya manjano na kuharisha. Kwa wengine tatizo hilo hudumu miaka, na linaweza kuua. Ndiyo sababu atapewa dawa za kutuliza kinga kwa miezi kadhaa, na asizikatishe mwenyewe kwa kuona amenenepa. Uloto wa Doto kwa kawaida usingemletea hatari hiyo. Daktari anapima pande zote mbili, hatari ya uloto kumshambulia na hatari ya saratani kurudi. Mwombeni awafafanulie kwa nini kwa Kulwa ya pili imekuwa nzito, na Doto awepo asikie mwenyewe.

Sasa hofu ya mama. Uloto na uti wa mgongo ni vitu viwili tofauti, na hakuna atakayekugusa uti wa mgongo. Zipo njia mbili. Ya kwanza, unachomwa sindano kwa siku nne au tano ili seli shina zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu, kisha damu inapitishwa kwenye mashine inayochukua seli hizo na kukurudishia iliyobaki. Utakaa kwenye kiti saa kadhaa. Siku za sindano mifupa huuma na kichwa hugonga, kama mtu mwenye malaria, kisha hali hiyo hupita. Ya pili, unalazwa kwa nusukaputi na uloto unavutwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga, upande wa nyuma. Kiuno kitauma siku kadhaa, na mwili utarudisha uloto huo ndani ya wiki chache. Madhara makubwa kwa mtoaji ni nadra, na nguvu za kiume haziguswi.

Wa kuulizwa habari za uzazi ni Kulwa. Dawa kali za kumwandaa kwa upandikizaji mara nyingi huharibu uwezo wa kuzaa, kwa hiyo aulize mapema kama anaweza kuhifadhi mbegu.

Siku yenyewe haina kisu. Seli zako zitaingia kwa mshipa kama anavyoongezewa damu, na zitajua njia ya kwenda kwenye mifupa. Kazi ni wiki mbili tatu zinazofuata, kabla hazijashika, kwani hatakuwa na kinga. Atakaa chumba cha peke yake na kula chakula kilichoiva barabara. Msururu wa ndugu wenye mafua usubiri. Baadaye atachanjwa upya zile chanjo za utotoni. Hata kundi lake la damu, kama ni tofauti na lako, litageuka kuwa lako.

Jambo moja linalosahaulika: sisi tumezoea ndugu kumtolea damu mgonjwa wao. Kwa anayesubiri uloto wa ndugu, madaktari hushauri asiongezewe damu ya ndugu zake, kwani mwili unaweza kujifunza kuukataa uloto utakaokuja. Changieni benki ya damu kwa ajili ya wengine, na mwambieni daktari kwamba ndugu hamtamtolea Kulwa damu.

Unga wa jirani usiwapotezee fedha. Seli shina ni chembe hai. Za kupandikizwa husafirishwa kwa ubaridi na kuwahishwa mgonjwa, au hugandishwa kwa baridi kali. Zikikaushwa kuwa unga zimekufa, na tumbo lingezimeng'enya kama maharage.

Kuhusu safari ya India, ulizeni pia hapa nchini. Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya mailoma, kwa kutumia seli zao wenyewe. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Kesi ya Kulwa ni nyingine, kwani anahitaji seli za mtu mwingine kwa ajili ya lukemia. Daktari wake ndiye wa kusema aende wapi, na jibu hilo mlipate kabla hamjauza shamba. Msicheleweshe, AML iliyotulia haiahidi muda.

Na Doto aambiwe ukweli: hakuna aliyemkataa. Kulwa atahitaji mtu wa kukaa naye miezi mingi, kumhesabia vidonge na kumkimbiza hospitali homa ikipanda usiku. Kazi hiyo haina kipimo cha HLA. Apewe yeye.