Mwendo wa Gari na Haraka ya Mkazi wa Tassia

Dereva anayetoka Outering Road na kuingia Tassia huacha barabara pana na kujikuta, kwa dakika chache tu, katikati ya vibanda vya mboga, mikokoteni na watoto wanaotoka shule. Barabara imebadilika. Mara nyingi mwendo wake haujabadilika.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mjini, na hesabu yake ni rahisi. Gari la kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga breki, mita hizo 14 zimekwisha kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Kwa kilomita 80 huwa mita 22. Tena, mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kugonga huwa mara nne. Mtoto anayechomoka nyuma ya kibanda cha Tassia hana mita 22 za kusubiri.

Hata hivyo, lawama zote haziwezi kutupiwa dereva. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinamgusa abiria pia: kupanda au kushuka matatu mahali pasipo stendi ni faini ya shilingi 1,000. Kondakta akiambiwa "shukisha hapo" katikati ya barabara, aliyetoa amri ni mkazi wa kawaida anayekwenda zake nyumbani. Mwenda kwa miguu anayezuia magari makusudi hutozwa shilingi 500. Anayeendesha juu ya njia ya waenda kwa miguu, kama wafanyavyo bodaboda wengi foleni ikizidi, hutozwa 5,000.

Suala la madaraja ya miguu ya Outering ni gumu zaidi. Mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni huona ngazi ni ndefu, na usiku penye giza hofu ya wezi ni ya kweli. Saa nne asubuhi sababu hiyo haipo, lakini watu bado huvuka chini, wakiruka vizuizi.

Mwaka 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu zilifungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 na abiria wakafunga mikanda. Mikanda mingi ingali vitini hadi leo, imekaliwa.