SOMO LA BUSTANI: JICHO LA DALIA

Mara hii tuzungumze juu ya dalia, ua kubwa lifaalo sana kupamba kanisa. (Wenzetu wa pwani wanayo dalia nyingine, ile ya kujipaka, siyo hiyo.) Asili yake ni milima ya Mexico. Mwaka 1791 Cavanilles wa Madrid alilipa jina kwa heshima ya Anders Dahl, Mswidi. Kwa kuwa ni ua la milimani, ubaridi wa Karagwe walifaa.

Dalia hupandwa kwa mizizi minene inayofanana na viazi vitamu vilivyoshikamana kwenye shina moja. Hapo ndipo wanaoanza hupotea. Kiazi mviringo kina macho mwili mzima, hata ukikikata, kila kipande chenye jicho huota. Mzizi wa dalia hauna jicho mwilini. Macho yote yako shingoni, pale unapoungana na shina la zamani. Basi jirani akikugawia, asikuvunjie mmoja mmoja. Mwombe akate kwa kisu kikali, kila mzizi uondoke na shingo yake na kipande cha shina chenye jicho. Mzizi mnono usio na jicho waweza kukaa udongoni miezi mingi bila kuoza, lakini hautachipua kamwe. Mwembamba kama kidole, wenye jicho, utakupa ua.

Panda mvua za Septemba au Oktoba zinapoanza, penye jua, si chini ya migomba. Shimo liwe na kina cha sentimita 10 hadi 15. Mzizi ulale, jicho litazame juu. Chomeka kijiti cha kuegemezea siku hiyo hiyo, maana ukingoja utaitoboa mizizi. Usimwagilie kabla chipukizi halijatokeza, kwani mzizi usio na majani huoza upesi. Samadi iwe kidogo, tena iliyooza. Ikizidi utavuna majani. Mmea ukipata jozi nne za majani, kata ncha. Utauonea huruma, lakini matawi ndiyo yatakayobeba maua. Ua la kwanza huchukua kama miezi mitatu, hivyo aliyepanda mwanzoni mwa Oktoba aweza kutumainia maua ya Krismasi.

Kiangazi cha Juni, majani yakisha kukauka, chimbua taratibu bila kuvunja shingo, uhifadhi fungu zima katika mchanga mkavu. Kugawana kungoje mpaka karibu na mvua, macho yanapovimba na kuonekana wazi.