Ukinunua samaki likizoni, ulizia barafu kwanza

Kila ifikapo Desemba na Pasaka, jamaa nyingi za bara huteremka Pwani kupumzika. Zamani waliokuwa na uwezo walifikia hotelini. Siku hizi wengi hukodi nyumba nzima Diani, Kilifi au Watamu, yenye jiko na friji, wakajipikia wapendavyo. Humo ndimo watu hujiburudisha kwa vyakula ambavyo nyumbani hawavinunui: jodari, kamba mawe, kaa, chaza, jibini za Kiitaliano. Lakini kumbuka, msomaji, kwamba hoteli ina mpishi na chumba cha baridi. Nyumba ya kukodi ina wewe, na friji ambayo pengine ilizimwa tangu mgeni wa mwisho aondoke.

Acha nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita tulikodi nyumba Diani. Mnamo saa tano asubuhi kijana alifika langoni kwa baiskeli, kikapu nyuma kimefunikwa kwa gunia. "Mama, leo kuna jodari, ametoka majini sasa hivi." Kweli samaki alikuwa aking'aa, nyama yake nyekundu kama ya ng'ombe. Nikanunua kilo nne. Friji ilikuwa imejaa soda na matikiti, basi jodari akakaa ndani ya karai juu ya meza ya jikoni hadi jioni tulipomchoma.

Haikupita nusu saa baada ya kula, shemeji yangu akasema uso na shingo vinamwaka moto. Vipele vikamtoka kifuani. Nami, daktari mzima, nikamwambia, "Shemeji, una mzio wa samaki." Kabla sijamaliza, binti yangu akalalamika kuumwa na kichwa, na mama mkwe akasema moyo unamwenda mbio. Hapo ndipo nilipong'amua. Watu watatu hawawezi kupata mzio kwa mara ya kwanza usiku mmoja, meza moja. Aliyekuwa na kasoro ni samaki.

Sumu isiyokufa motoni

Jodari, nguru, una na falusi wana kiasi kikubwa cha kemikali iitwayo histidini katika nyama yao. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria huigeuza kemikali hiyo kuwa histamini, ile ile ambayo mwili wenyewe huimwaga mtu anapopatwa na mzio. Ndiyo maana dalili zinafanana mno: joto usoni, vipele vya kuwasha, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, pengine kutapika na kuendesha. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani sana, hivyo msikilize mgonjwa anavyosema. Wengine huhisi samaki akiwachoma ulimi kama pilipili.

Yafaa ieleweke vyema kwamba histamini ikishaingia haitoki. Kuchoma hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, wala kugandisha. Ndimu nayo haisaidii kitu. Aidha samaki huyo huweza kuwa hana harufu mbaya hata kidogo. Tena sumu haienei sawasawa katika mwili wake: mimi nilikula kipande cha karibu na mkia na sikuhisi lolote. Kwa hiyo usimbeze mgonjwa kwa kuwa wewe u mzima.

Changu, tafi na tewa hawana tabia hii kwa kiasi hicho. Nao huoza, bila shaka, lakini wakioza pua itakuambia.

Ni nani aliye hatarini zaidi? Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo. Vilevile yule anayetumia dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, iwe ya kutibu au ya kukinga, kwa sababu dawa hiyo huuzuia mwili kuivunja histamini. Watu wa namna hii ni wengi nchini, na nimeona wachache mno walioelezwa jambo hili. Kama unaimeza, jodari wa mlangoni usimguse.

Namna ya kununua

Ni afadhali uende mwenyewe ufuoni asubuhi, mahali wavuvi wanapoteremshia samaki, kuliko kungoja langoni. Jicho liwe angavu na limetokeza, mashavu yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Hayo ndiyo tuliyofundishwa na mama zetu. Kwa jodari na nguru hayatoshi. Muulize muuzaji: ametoka majini saa ngapi, na tangu hapo amekaa wapi? Kama hakuna barafu, na jua limeshapanda, nunua changu.

Chukua sanduku la baridi, na kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Kwenye joto la kawaida chakula kibichi cha namna hii kisikae zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, jambo la kawaida Pwani wakati wa kaskazi, kisizidi saa moja.

Friji iwashwe mara tu unapofika, na usitie samaki kabla haijapoa barabara. Inatakiwa iwe nyuzi 4 au chini yake. Kipimajoto kidogo cha friji si ghali. Umeme ukipotea, usiwaruhusu watoto kuifungua kila mara. Ikifungwa huhifadhi ubaridi kwa takriban saa nne. Baada ya hapo, tupa. Najua inauma.

Kamba mawe na kaa wanunuliwe wakiwa hai, au wakiwa wamegandishwa kwa barafu. Kamba mawe aliye hai ukimwinua huukunja mkia; ukining'inia tu, mwache. Chaza wapikwe. Kuwala wabichi na ndimu ni fahari ya hoteli, lakini chaza huchuja maji anamoishi, na maji yakiwa na uchafu wa vyoo huweza kukupa homa ya manjano ya ini. Mwenye kisukari au ini bovu asithubutu. Na wazee wenzetu wenye jongo, kamba na bia kwa siku tatu mfululizo vitawarudisha nyumbani wakichechemea.

Malindi na Watamu kuna maduka ya jibini laini na nyama baridi za Kiitaliano. Mama mjamzito aziepuke jibini laini za maziwa yasiyochemshwa, na nyama baridi azile zikiwa zimepashwa moto hadi zitoe mvuke. Kijidudu kiitwacho listeria humea hata ndani ya friji na huweza kuua mtoto tumboni. Mlipuko wa Afrika Kusini wa 2017 na 2018, uliotokana na soseji ziitwazo poloni, uliua watu zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga wengi.

Yakishatokea

Sumu ya jodari kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku moja. Tembe ya dawa ya mzio kama vile setirizini hutuliza haraka. Ndiyo niliyowapa wagonjwa wangu watatu, na kufikia saa sita ya usiku wote walikuwa wamelala. Lakini mtu akishindwa kupumua, akivimba ulimi au kuzirai, usingoje tembe. Mpeleke hospitali papo hapo.

Ukifika, mweleze daktari ulikula samaki gani, saa ngapi, na wangapi mezani wameumwa. Bila habari hizo ataandika kwamba una mzio wa samaki, nawe utaacha kula samaki maisha yako yote bure. Kipande kilichobaki kifunge ndani ya mfuko, ukiweke penye barafu, na umkabidhi ofisa wa afya ya umma.