Swichi Isiyorusha Cheche

Ukifungua swichi kuukuu ya mota ya betri mezani kwa fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, mara nyingi utakuta ncha zake zimeungua. Mkondo unapokatwa, koili ya mota huupinga ukatizaji huo, na cheche huruka.

Dawa yake ni transista ya mosfeti. Swichi hulipatia lango lake volti tu. Mkondo wa mota hupita ndani ya transista. Rezista ya om 10,000 kati ya lango na upande hasi huondoa chaji langoni. Isipokuwapo, mota yaweza kuendelea kuzunguka hata kidole kikiachia. Daiodi sambamba na mota, ikielekezwa kinyume cha betri, huikinga transista na msukumo wa koili.

Zoezi: Betri ni ya volti 12. Kwa nini rezista isiwe ya om 10?