Swali na Jibu: Jua la Kalemng'orok liinueje biashara?

SWALI: Nina duka Kalemng'orok na nataka friji ya sola niuze maji na maziwa baridi. Nianzie wapi? Je, jua litainua uchumi wetu Turkana?

JIBU: Anza na hesabu kabla ya kununua chochote. Friji ndogo inayotumia wati-saa 600 kwa siku itatoshelezwa na paneli ya wati 200. Saa 5 za jua kali hutoa wati-saa 1,000. Joto, vumbi na nyaya zikila robo, unabaki na 750. Betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100, huhifadhi takriban wati-saa 1,200. Acha nafasi ya hewa chini ya paneli, na uipanguse vumbi alfajiri.

Kuhusu uchumi, Bwawa la Turkwel lina uwezo wa megawati 106, lakini kwa miaka mingi umeme wake ulipelekwa kusini huku Lodwar ikitegemea jenereta za dizeli. Kwa hiyo kuwa na chanzo cha umeme karibu hakutoshi; umeme hutajirisha pale unapotumika kuzalisha. Kule Kalobeyei, karibu na Kakuma, gridi ndogo za sola tayari zinahudumia nyumba na biashara. Friji yako ikijilipa, unganeni wenye maduka mnunue pampu ya maji au mashine ya kusaga.