Mfuko Uliotokana na Mmea, Je, Unaoza?

Mwanafunzi wa chuo kikuu aliye nyumbani Kilifi kwa likizo ndefu anaweza kufanya utafiti wa maana akiwa na muhogo, siki na jiko. Swali la kuanzia linamhusu pia mama mboga sokoni: mfuko wenye picha ya jani la kijani na neno "bio", ukitupwa, utaoza?

Si lazima. Watu huchanganya mambo mawili: malighafi ya plastiki ilitoka wapi, na plastiki yenyewe itaishia wapi. Nchini Brazil, kampuni ya Braskem hutengeneza polithini kutokana na miwa tangu 2010. Asili yake ni mmea kweli, lakini ni polithini ileile tunayoijua, nayo haiozi. Plastiki iitwayo PLA, ambayo hutokana na sukari ya mahindi au miwa, huoza vizuri katika mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi 58 hivi za Selsiasi. Ikiachwa ufuoni Watamu haipati joto hilo, na inaweza kukaa miaka.

Wanga wa muhogo ni tofauti, kwa sababu vijidudu vya udongoni huula kama chakula. Kuna muhogo, menya, paruza, kamua ndani ya maji, chuja, kisha acha maji yatulie. Unga mweupe unaobaki chini ndio wanga, uanike ukauke. Chukua kijiko kimoja kikubwa cha wanga, vijiko vinne vikubwa vya maji, kijiko kidogo cha siki na kijiko kidogo cha gliserini, ile inayouzwa kwa kupaka ngozi. Koroga kwa moto mdogo hadi uji uwe mzito na uangaze, utandaze kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo, uache siku moja au mbili.

Siki husaidia kukata minyororo ya wanga yenye matawi mengi, ili utando uwe laini. Gliserini hukaa katikati ya minyororo na kuiwezesha kuteleza. Ukiisahau utapata kitu kinachovunjika kama ukoko wa ugali. Na hata ukifuata kila hatua, utando huu una udhaifu mkubwa: maji. Huwezi kubebea samaki wabichi. Hapo ndipo utafiti unapohitajika, kwa mfano kuchanganya nyuzi za katani au makumbi ya nazi na kupima kama utando unastahimili zaidi.

Maganda ya muhogo pia yana wanga, na kuyatumia hakumpunguzii mtu chakula. Lakini yana sumu ya sianidi, hasa ya muhogo mchungu. Fanyia kazi mahali penye hewa, na maji uliyooshea usiwape mbuzi.

Sasa jaribio lenyewe. Kata vipande vya sentimita 5 kwa 5: vitatu vya wanga, vitatu vya plastiki ya kawaida, vitatu vya mfuko ulioandikwa "bio". Vipime uzito, vitie kwenye vifuko vya wavu, uvizike kina kimoja, udongo mmoja. Kila wiki vifukue, vioshe taratibu, vikaushe, vipime tena.

Wengi hukosea katika kusoma matokeo. Kumomonyoka si kuoza. Plastiki inaweza kupasuka vipande visivyoonekana kwa macho na bado ikawa plastiki. Gliserini nayo huyeyuka na kutoka, uzito ukapungua kabla vijidudu havijala chochote. Ndiyo maana maabara hupima hewa ya kaboni dioksidi inayotolewa na vijidudu wakati wa kula. Bila kipimo hicho, andika daftarini "uzito umepungua", usiandike "imeoza".

Kwa wafanyabiashara, marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Agosti 28, 2017 ingalipo, na faini yake ni kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Neno "bio" kwenye mfuko si kibali. Kabla ya kununua bunda, mtake muuzaji akuonyeshe idhini ya NEMA.