Ganda la Chenza na Tumbo Lililovurugika

Katika tiba ya jadi ya China, ganda la chenza halitupwi. Huanikwa hadi likauke, kisha huhifadhiwa kwa miaka, nalo huitwa chenpi, yaani "ganda kuukuu". Chenpi mashuhuri zaidi hutoka Xinhui, jimboni Guangdong, ambako desturi hutaka ikae angalau miaka 3 kabla ya kutumiwa. Tabibu Li Shizhen aliandika juu ya ganda hili katika Bencao Gangmu, kitabu kilichochapishwa mwaka 1596.

Kwa mujibu wa tiba hiyo, chenpi ni chungu, kali na yenye asili ya joto. Kazi yake ni kuiendesha qi, nguvu ya uhai, inapokwama tumboni. Ndiyo maana hupewa mtu aliyevimbiwa, mwenye kichefuchefu au asiye na hamu ya chakula. Kitabu rasmi cha dawa cha China hutaja kipimo cha gramu 3 hadi 10, ambazo huchemshwa na kunywewa.

Kisayansi, ganda hili lina mafuta yenye limonene na viambato vya jamii ya flavonoidi, hasa hesperidini. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba viambato hivyo huathiri mwendo wa misuli ya tumbo na utumbo. Kwa binadamu ushahidi ungali mdogo, kwani chenpi aghalabu huchanganywa na mimea mingine, na ni vigumu kutenganisha kazi ya kila mmoja.

Hatari kubwa hutokana na mkanganyo. Zhishi, ambayo pia hutolewa kwa tumbo lililojaa, si chenza bali ni danzi changa lililokaushwa. Ina sinefrini, kemikali iwezayo kupandisha shinikizo la damu na kuharakisha mapigo ya moyo. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu, pamoja na mama mjamzito, wasiitumie bila ushauri wa daktari. Kwa hiyo, mhudumu wa afya asitosheke na jibu la "natumia dawa ya Kichina". Aulize jina lake, aombe kuiona pakiti, kisha aandike katika faili. Mgonjwa naye asione haya kuitaja.

Kikombe cha chenpi chaweza kumpa nafuu aliyevimbiwa, lakini hakitibu vidonda vya tumbo wala saratani. Choo cheusi au chenye damu, kutapika kusikokoma, kupungua uzito bila sababu, au chakula kukwama wakati wa kumeza ni dalili za kwenda hospitali bila kungoja kikombe kingine.